Tungule za Malindi na swali tusilouliza sokoni: dawa imepulizwa lini?

Mwana wa Sabaki

Salaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi. Jambo lenyewe nimekaa nalo miaka na nimeona leo nilitoe.

Jumamosi nilikuwa soko la mjini hapa Malindi, upande wa mafungu ya mboga. Mbele yangu alikuwa mama na mtoto mgongoni. Kachagua fungu la tungule, ngumu, nyekundu mpaka zinang'aa. Mtoto akanyoosha mkono, mama akatoa moja, akaifuta kwa leso, akampa. Mtoto akaiuma. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye kikonyo. Pale penye kishimo palikuwa na unga wa manjano, umeganda kama chokaa. Nikamwambia, "Mama, ioshe kwanza." Akanitazama akasema, "Si vumbi la njiani tu, mwanangu?"

Vumbi la njiani halikai hivyo. Kabla sijarudi kulima kwetu Sabaki nilifanya kazi miaka miwili katika duka la dawa za shamba, na ule unga nimeupima kwa mikono yangu mara nyingi. Ni dawa ya ukungu, mankozebu. Ukiuona umejaa vile kwenye tungule iliyokwisha kufika sokoni, ujue haijapita mvua wala maji tangu ipulizwe, na huenda hata siku zake hazikutimia.

Siku zake ndizo nilizotaka kuzisema.

Kila chupa ya dawa ina karatasi yake. Kwanza unatazama mstari wa rangi chini: nyekundu ni sumu kali mno, inafuata manjano, halafu buluu, halafu kijani. Kisha unatafuta siku za kusubiri, yaani siku ambazo sharti zipite kati ya kupuliza na kuchuma. Kuna dawa ya siku 3, ya 7, ya 14, ya 21. Katika siku hizo jua, mvua na kukua kwa tunda lenyewe huivunja dawa na kuipunguza hadi ishuke chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Herufi zake ni ndogo kama mayai ya sisimizi. Miaka miwili ile dukani, wateja walioniuliza habari ya siku hizo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Swali lilikuwa moja: "Kijana, ipi kali?"

Sasa fikirieni bamia. Ukiiacha siku nne mtini imekuwa kijiti, hainunuliki. Lazima uichume kila baada ya siku mbili. Tungule zikianza kuiva unachuma mara mbili kwa wiki. Sukuma unavunja majani kila wiki. Na mkulima wetu dawa aliyonayo ndani ni ya siku 14. Atasubirije? Akingoja, mzigo umeozea shambani. Asipongoja, mzigo unakwenda sokoni na dawa yake. Dawa za siku chache zipo, lakini aghalabu bei yake iko juu, au mwenye duka hakuziweka kwa sababu haziendi haraka. Ndiyo maana roho inaniuma mtu anaposema wakulima wanatuua. Wengi wamebanwa kati ya kalenda ya chupa na kalenda ya mmea, na hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha njia.

Karibu na mwaka 2014 akatuingilia yule nondo wa tungule, Tuta, ambaye asili yake ni Amerika Kusini. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa ya juu juu haimfikii. Hapo watu wakaanza kuchanganya. Nakumbuka mzee mmoja aliyetoka upande wa Jilore. Alinunua chupa tatu, majina matatu, rangi tatu. Alikuwa anazitia zote kwenye pampu moja ya lita 20 na kupima kwa kifuniko. Jioni nilipozisoma karatasi kwa utulivu nikakuta chupa mbili kati ya zile zina kiini kimoja. Mzee alipuliza dozi maradufu bila kujua, na aliyemuuzia ni mimi. Aliyeniajiri nilipomweleza alinijibu kwamba kazi yetu ni kuuza. Sikukaa sana baada ya hapo.

Jambo la mwisho, halafu nisikie kutoka kwenu. Kuna dawa zinazobaki juu ya ganda na kuna zinazonywewa na mmea, zikapanda na maji yake mpaka ndani ya tunda. Hizi za pili huzioshi ukazitoa. Mwaka 1985 kule California, Marekani, wakati wa sikukuu yao ya tarehe 4 Julai, watu zaidi ya 1,000 waliugua kwa kula tikiti. Walitapika, wakahara, wakatoka jasho, misuli ikawachezacheza. Dawa ilikuwa aldikabu, ambayo hutiwa ardhini ikanyonywa na mizizi. Kwenye tikiti haikuruhusiwa kabisa. Tikiti lina ganda nene kama ubao, na lile ganda halikuwafaa kitu. Sisi watu wa Magarini, wa Marafa, tunaishi kwa tikiti. Hadithi hii ilitakiwa kila mkulima wa tikiti aijue.

Basi nauliza: nani kati yetu amewahi kumuuliza mchuuzi wake dawa imepulizwa lini?

Mama Tatu wa Shella

Waaleikum salaam. Mimi ni mchuuzi, mwaka wa kumi na tisa huu niko sokoni, na kwa kweli sijaulizwa hata siku moja. Naulizwa bei. Naulizwa kama ni za Taveta au za hapa hapa. Ukiniuliza dawa ilipulizwa lini sitakuwa na jibu, mwanangu. Kreti inaletwa na pikapu alfajiri, dalali kainunua kwa dalali mwenzake aliyetoka Kongowea, na kabla yake sijui ni nani. Zile zinazong'aa ndizo zinazonunuliwa kwanza. Nikileta mchicha wenye matundu mawili ya mdudu, wateja wanaupita.

Swali langu, nina mkaza mwana mjamzito nyumbani. Tunaloweka mboga kwenye maji ya chumvi, wengine siki. Inasaidia au tunajidanganya?

Mpita Njia

Tunatishana bure. Babu zetu wamekula hizo hizo na wamefika miaka tisini. Mtu akiacha mboga kwa woga atakula nini, mandazi asubuhi na jioni? Hizo dawa zimepimwa na serikali imeziruhusu.

Tabibu wa Zamu

Nafanya kazi ya tiba hapa hapa wilayani. Naomba nijibu kwa utaratibu maana mambo mawili yanachanganywa.

Sumu ya ghafla tunayoipokea sisi, mara nyingi ni ya mpulizaji mwenyewe, hutokea mara chache kwa mlaji. Kijana anapuliza akiwa kifua wazi, upepo wa kusi unamrudishia usoni, jioni analetwa. Mate yanamtoka, machozi, jasho, mboni za macho zimebana kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma, misuli inacheza. Dawa za kundi la oganofosfeti hukifunga kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva zikishamaliza kazi. Kikifungwa, neva zinapiga kelele bila kunyamaza. Tuna atropini, inaokoa, mradi aletwe mapema. Na tafadhali njooni na chupa yenyewe au karatasi yake. Msituletee habari ya "dawa ya tungule". Kuvua nguo zilizoloa na kumwosha mgonjwa kwa maji na sabuni kuanze nyumbani.

La mlaji ni tofauti. Yeye anapata kidogo kidogo, kila siku, na hasikii chochote. Ndugu Mpita Njia, babu zako wengi wao hawakula tungule zilizopulizwa mara mbili kwa wiki. Na kuruhusiwa kwa dawa kuna masharti yake: zao lile, kipimo kile, siku zile. Ukivunja masharti, ile ruhusa haikuhusu tena.

Ushahidi upo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwachukua watoto 23 wa huko Seattle, wakawabadilishia chakula kwa siku tano wakala kisicho na dawa za viwandani. Alama za malathioni na kloripirifosi, dawa za kundi lile lile la oganofosfeti, kwenye mkojo zilishuka karibu mara moja mpaka hazionekani, na waliporudia chakula cha kawaida zikarudi. Maana yake ni kwamba kwa watoto wale njia kubwa ilikuwa sahani. Halafu mwaka 2011 ukatoka utafiti wa bonde la Salinas, California, uliofuata wanawake wa jamii za mashambani tangu ujauzito. Watoto ambao mama zao walikuwa na viwango vya juu kabisa vya oganofosfeti, walipofika miaka 7 walikuwa nyuma kwa takriban alama 7 za kipimo cha akili kuliko wale wa viwango vya chini kabisa. Umoja wa Ulaya ukaiondoa kloripirifosi mwaka 2020, na mwaka huo huo ukaamua kuiondoa na mankozebu, ile ya unga wa manjano wa mleta uzi. Mankozebu ikivunjika, na moto wa kupikia unaharakisha, hutoa kitu kinachosumbua tezi ya shingo.

Mama Tatu, mkaza mwana wako asiache mboga. Nalisema hili kwa mkazo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na mjamzito anayeacha mchicha kwa hofu anajikosesha madini ya chuma na foliki ambayo mtoto anayahitaji leo. Kingine: kile kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mboga kimewekwa kuonyesha kama mkulima alifuata karatasi. Kipimo cha usalama wa mwili huanzia kwenye dozi isiyodhuru wanyama wa maabara, na kwa kawaida hugawanywa kwa 100. Kwa hiyo tungule moja iliyozidi kidogo haimwangushi mtu. Ninachokihofia ni wiki juu ya wiki, tumboni mwa mama na kwa mtoto mdogo.

Mwana wa Sabaki

Tabibu, Mungu akuzidishie.

Mama Tatu, kuhusu kuosha. Kinachofanya kazi kubwa ni maji yanayotembea pamoja na kusugua kwa mkono. Beseni moja la kuloweka mboga zote, maji yakabaki yale yale, unahamisha dawa ya moja kwenda kwa nyingine. Najua mabomba yetu. Siku ambayo maji ya Baricho hayafiki tunanunua kwa mtungi, nani atafungua bomba atazame maji yakienda? Tumia kata. Kata mbili za maji juu ya kila tungule huku unasugua, zingatia kishimo cha kikonyo. Maji hayo mwagia mnazi.

Chumvi na siki hutoa kiasi. Kilichopimwa vizuri ni bikaboneti, ile soda ya kupikia. Watafiti wa chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 waliloweka matofaa kwenye maji yenye gramu 10 kwa lita, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai, kwa dakika 12 hadi 15, na dawa mbili walizozipaka zikatoka juu ya ganda. Ila kiasi cha dawa hizo kilikuwa kimeshazama ndani ya ganda, cha moja zaidi ya cha nyingine, na kile cha ndani hakikutoka. Sabuni ya vyombo msitumie, inaingia kwenye chakula. Kabichi vueni majani ya juu. Tango na karoti menyeni. Mchicha ndio mgumu, majani yake ni mengi na huwezi kuumenya, kwa hiyo kwa mchicha dawa ni kumjua aliyeulima.

Mwamu Bandarini

Huku Amu mboga nyingi zinatujia kutoka Mpeketoni na Hindi, zikashuka Mokowe, zikavuka kwa boti. Sisi kisiwani hatuna hata nafasi ya kumjua mkulima. Ila ninalotaka kuuliza ni embe. Msimu ukianza tu tunaona ngowe za manjano nje, ukikata ndani ni nyeupe na chachu. Watu wanasema ni kabaidi. Je, hii nayo ni dawa ya shamba?

Mwana wa Sabaki

Shekhe, kabaidi haipulizwi shambani, lakini ubaya wake uko karibu na huu. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo inalidanganya ganda lijifanye limeiva. Kabaidi ya viwandani huwa na uchafu wa arseniki na fosforasi, na huo ndio hatari, hasa kwa anayeishika. Wazee wetu walivumbika. Embe iliyokomaa inatiwa kwenye majani makavu au gunia, pamoja na ndizi moja au mbili zilizoiva, inafunikwa, siku nne tano imeiva mpaka kwenye kokwa, kwa sababu tunda linaloiva hutoa gesi yake lenyewe na kuyaamsha mengine. Embe iliyochumwa changa haivumbikiki, na hapo ndipo wenye haraka wanakimbilia kabaidi.

Na kwa kuwa umetaja embe: nzi wa matunda yule mgeni kutoka Asia alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Mwaka 2014 nchi ikajizuia yenyewe kupeleka embe Ulaya kwa ajili yake, mpaka 2021. Waliofanikiwa kumpunguza walitumia mitego ya kuwavuta madume na kuzika embe zilizodondoka. Kupuliza ovyo kulituulia maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Wakiwa juu ya mwembe au mnazi wanawinda wadudu usiku na mchana bila malipo. Bibi yangu alikuwa akikata tawi lenye kiota chao akalifunga kwenye mti usio nao. Siku hizi vijana wanawapuliza ili wasiwaume wakipanda.

Mkulima Gongoni

Nimesoma yote toka juu. Mimi ni huyo mkulima mnayemzungumza.

Nina ekari moja na nusu, tungule na bamia, nusu ekari mchicha. Mchicha natumia mwarobaini, naponda mbegu, naloweka usiku, nachuja kwa kitambaa, napuliza jioni maana jua huivunja haraka. Inafaa. Tungule nimejaribu mwarobaini peke yake msimu mmoja, Tuta akanimalizia nusu. Sitawadanganya kwamba naweza kulima tungule bila dawa yoyote.

Kinachonikera ni hiki. Rafiki yangu analima mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani, kwa kampuni ya kuuza nje. Anaandika kila dawa, tarehe, kipimo, na asipoandika mzigo haupokelewi. Mwaka 2013 Ulaya ilipoanza kupima shehena moja katika kila kumi ya mishiri yetu kwa sababu ya mabaki ya dimethoeti, nchi nzima ilishtuka na dawa hiyo ikapigwa marufuku kwenye mboga na matunda. Mlaji wa Ulaya kapigiwa mbio. Mama wa Maweni, wa Barani, wa Muyeye, nani kampigia mbio? KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wana maabara, bodi ya dawa za wadudu ina sheria. Mwaka 2019 ombi la kuziondoa dawa za hatari lilifikishwa Bunge na mheshimiwa Gladys Boss Shollei. Katiba yetu kifungu cha 43 inasema chakula cha ubora unaokubalika. Lakini mimi tangu nianze kulima sijaona mtu akichukua hata tungule moja kwenye kreti yangu akaipime.

Tena kuna habari ya chupa tupu. Nimeona watu wanatia mafuta ya taa, wengine maji. India, jimbo la Bihar, Julai 2013, watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule kwa sababu mafuta ya kupikia yalihifadhiwa kwenye chombo kilichokuwa cha dawa ya shamba. Toboeni chupa zenu. Suuzeni mara tatu, maji yarudi ndani ya pampu, halafu toboa. Na kuosha pampu mtoni Sabaki kuachwe, kule chini Mambrui watu wanavua.

Mama Tatu wa Shella

Kaka wa Gongoni, tungule zako sasa hivi zina siku ngapi?

Mkulima Gongoni

Dada, umeniuliza na nitakujibu kweli. Nilipuliza Jumanne, dawa ya siku 7. Leo ni siku ya tano. Dalali alikuja jana na pikapu, nikamwambia bado. Akasema atarudi wiki ijayo kwa bei ya chini kwa sababu zitakuwa zimeiva zaidi, akaenda kuchuma kwa jirani. Zipo kama kreti kumi na mbili na zinaanza kulainika.

Mama Tatu wa Shella

Nimezungumza na wenzangu watatu wa safu yangu. Sisi wanne tunaweza kuchukua kreti nane, bei ile ile aliyokupa dalali wiki iliyopita, nauli ya kutoka Gongoni tugawane. Sharti langu moja: uniandikie kwenye kila kreti tarehe ya dawa na jina la dawa, kwa kalamu isiyofutika. Nataka mteja akiniuliza nimwonyeshe. Asiponiuliza nitamwambia mwenyewe.

Tabibu wa Zamu

Nitakuwa mteja wa kwanza. Kreti moja nitawachukulia wenzangu wa zamu ya usiku.

Mpita Njia

Mama Tatu, mke wangu ananunua kwako bila shaka, yuko Shella pia. Uko safu ya ngapi?

Mama Tatu wa Shella

Safu ya pili ukiingia na mlango wa samaki, meza yenye turubai la buluu. Tungule zitafika Jumatano saa moja asubuhi. Njoo na kikapu, mifuko sina.

Mkulima Gongoni

Nachuma Jumanne jioni jua likipungua. Kreti tatu zilizobaki za nani?